Suruali ya upindo wa kidole kimoja (uzoefu wangu na shule ya dini ya mwanangu)

Naandika hasira hazijaisha kwa hiyo mnisamehe mapema. Jina la shule sitaji, ipo huku huku kwetu Mtwara, mwenye kujua atajijulia. Na mambo ya ada kiasi gani, ufaulu, maabara wanazo ngapi, hayo waulizeni wenyewe vipeperushi wanavyo kibao. Mi nataka kuongea habari ya suruali tu.

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu Chikongola, nashona sare za shule mwaka wa kumi na kitu sasa, yani mtoto akipita barabarani naangalia miguuni kabla ya uso. Fundi yeyote aliyefunzwa na fundi mwenzie anajua, mtoto wa kiume wa miaka kumi na tatu, kumi na nne, suruali yake unaacha upindo wa vidole vinne, mzazi akiwa hali mbaya unaacha vitano, unakunja mara mbili kwa ndani unapiga pasi, maana mtoto wa umri huo ukilala ukiamka ni mwingine. Na wana mpangilio wao wa kukua. Kinaanza kiatu. Mama anakuja analalamika kiatu cha Januari hakiingii na ndo kwanza Aprili, mi namwambia jiandae suruali inafuata. Baada ya miguu inakuja mikono, mabega na kifua ndo mwisho kabisa, ndo maana vijana wa fomu tuu wanakuwa kama ngazi iliyovishwa shati. Mvulana akishika kasi anaweza kuongeza sentimita nane hata kumi ndani ya mwaka mmoja. Mabinti wenyewe wanawahi kama miaka miwili, utamkuta binti darasani kamzidi mvulana kichwa kizima, subiri mwakani.

Sasa hii shule sare ni lazima ununue ofisini kwao. Kitambaa chao, fundi wao, bei yao. Mimi fundi, mama mzazi, nina cherehani mbili nyumbani, niende kununua suruali ya mwanangu kwa mtu mwingine! Nikameza. Fomu wani nikanunua, Januari hii kaingia fomu tuu nikanunua tena kwa sababu ile ya kwanza ilishakuwa ya mdogo wake. Sikuikagua. Hilo kosa langu nalikubali, niliiona tu mpya nikaipiga pasi.

Likizo ya mwezi wa sita tukaenda Tandahimba kwa kaka yangu, ndo kipindi cha kupulizia salfa mikorosho, dogo akamsaidia mjomba wake na kula ugali kama ana mtu mwingine tumboni. Na ada yenyewe inatoka kwenye hiyo mikorosho kwa hiyo hatukwenda kutembea. Waliokuwepo 2018 wanakumbuka, serikali ilipotangaza kununua kwa shilingi 3,300 kilo na jeshi likaja kubeba, tulisubiri malipo hadi tukachoka, tangu hapo mi hela ya korosho naihesabu ikishaingia mkononi. Ngoja nirudi kwenye suruali.

Tumerudi Mtwara usiku, kesho yake shule inafunguliwa, kuvaa suruali jamani vifundo vya miguu viko nje, soksi yote inaonekana. Nikasema hamna shida, vua mama akushushie upindo. Nageuza kwa ndani. Kidole kimoja!! Kidole kimoja jamani, tena kidole changu mimi chembamba. Shule ya watoto wanaorefuka, inalazimisha watu wanunue kwake, halafu inaacha upindo wa suruali ya mzee wa miaka sitini. Ile ni kubania kitambaa tu, hakuna maelezo mengine. Nikatafuta kitambaa kinachofanana, rangi ikakaribia sana ila si yenyewe, nikaunga kipande chini kwa ndani ndani, usiku saa sita, kazi safi, asiyekuwa fundi hatambui akiwa mbali.

Mwalimu wa nidhamu akatambua.

Hiyo asubuhi mi sikuwepo, nilielezwa na mwanangu kwa vipande vipande siku mbili nzima na mengine nikaambiwa na mtoto wa jirani anayesoma hapo hapo. Geti linafungwa, wanapangwa mstari, wavulana huku wasichana kule wanatazamana. Akamtoa mbele. Kachukua rula kapima kile kipande nilichounga. Akamuuliza, hii ni suruali au ni pazia? Mtoto akajibu "suruali, mwalimu", na wenye watoto wa umri huu mnajua, sauti ndo zinavunjika, ikaanza nene ikaishia nyembamba kama filimbi. Mstari mzima ukacheka. Hapo ilikuwa bado inasameheka, watoto watacheka tu, ila na yeye mwalimu akacheka, akamwambia rudia hatujasikia. Akamfanya arudie mara mbili.

Kisha akamwambia nenda nyumbani usirudi mpaka na suruali ya shule. Mtoto wa fomu tuu, Novemba ana upimaji wa taifa, anarudishwa kwa kipande cha kitambaa. Katembea kwa mguu mpaka Chikongola, kafika saa nne na kitu, sauti hana kabisa, nikadhani kafiwa na mtu.

Mtu asiniambie "mbona hakupigwa". Ndiyo hakupigwa, na hilo nalisema wazi nisije nikaonekana mzushi. Viboko vina kanuni yake ya 2002, visizidi vinne, aruhusu mkuu wa shule kwa maandishi na viandikwe kwenye daftari. Kuchekesha watu kwa sauti ya mtoto hakuna kanuni wala daftari, kwa hiyo unaweza kumfanyia kila asubuhi na hakuna atakayekuuliza.

Nikaacha sare za harusi za watu mezani, wenyewe wanazitaka Ijumaa, nikapanda boda na mwanangu. Nimefika nimeingia ofisini, salamu nimetoa vizuri, salamu ikajibiwa huku anaandika. Kijana mdogo tu, ningeweza kumzaa.

Nikamwambia mwalimu, mwanangu amekua, ile suruali mmeniuzia wenyewe Januari na haina upindo. Akasema mama utaratibu ni utaratibu, nenda kwa mhasibu ulipie nyingine. Nikamwambia mwaka huu nishalipia. Akasema, na hii sitaisahau, "Mama ungempima mapema." Yani mtoto ndo mwenye makosa kwa kurefuka na mimi nina makosa ya kutokumzuia. Nikamuuliza sasa nimkate miguu? Akasema mama usilete jazba.

Nyuma ya kichwa chake kuna bango kubwa, limechapishwa vizuri kwelikweli, limeandikwa wanamkuza kijana kiroho, kiakili na kimwili. Nikasimama nikaweka kidole kwenye neno kimwili. Nikamwambia mwalimu soma hapa. Hakusoma.

Na kumbukeni hii ni shule ya Kiislamu. Wanafundishwa humo humo ndani kwamba nguo ya mwanaume isiburuzike ikapita vifundo vya miguu. Sasa ile suruali kabla sijaiunga, mwanangu alikuwa ndani ya sunna kabisa bila hata kukusudia, angestahili zawadi! Nilimwambia hivyo hivyo, mhasibu wa chumba cha pili nikamsikia anacheka, na yeye mwalimu akakunja sura zaidi.

Ila kuna kitu lazima niwape haki yao, maana binti wa dada yangu naye yupo pale. Wasichana wanaangaliwa. Matroni ana pedi kwenye droo, binti akipatwa darasani anakwenda anapewa, haulizwi maswali, hatangazwi, kuna chumba cha kubadilishia na maji yapo. Na pedi sio rahisi, mnakumbuka VAT iliondolewa 2018 tukashangilia ikarudishwa 2019. Wao wanatoa bila kelele. Kwa hilo nilikuwa nawasifia kila kona, nimewapelekea hadi wateja wangu wawili wapeleke watoto.

Kumbe ni wasichana tu. Binti akikua shule nzima inajua ni makuzi. Mvulana akikua ni utovu wa nidhamu. Kiatu kimebana, anachechemea, mtovu. Suruali imepanda, mtovu. Sauti imekatika, anadhihaki mwalimu. Ana njaa saa nne asubuhi, mlafi. Mvulana wanamchukulia kama mnazi, ukishapanda basi utajiotea. Hata mkorosho hauachwi hivyo, unapuliziwa, unapogolewa, na mkorosho hauna aibu. Huku kwetu zamani jando lilikuwa linawaweka watoto na mtu mzima anawaambia mwili utafanya hivi na hivi usiogope. Shule ikatuambia kwenye kikao cha wazazi tusihangaike na mambo ya ngoma, wao wana tarbia, yani somo la malezi, watawafundisha kwa njia ya dini. Nikaitikia amina.

Na nikiwa bado naongea pale, sauti yangu nadhani ilifika msikitini, akaingia ustadh mmoja mzee, ndo anayefundisha hiyo tarbia. Akasema mama karibu ukae. Nikakaa, sikuwa nimeambiwa kukaa tangu nimefika. Akasikiliza yote, akaomba aione ile suruali, akainama akageuza upindo mguuni kwa mwanangu akautazama, akatikisa kichwa. Akamgeukia yule kijana akamwambia taratibu tu, "Mwalimu, huyu hajakosa. Amekua." Basi. Akamshika mwanangu mkono akampeleka darasani mwenyewe na ile suruali yenye kiungo.

Hapo machozi yalinitoka na sikutaka yule mwalimu aone.

Nilipomuuliza dogo usiku, ndo nikajua huyo mzee anawaweka wavulana wa fomu tuu kila Alhamisi baada ya Alasiri, anawaeleza baleghe bila kuzungukazunguka. Amewaambia sauti inavunjika kwa sababu koo linapanuka na nyuzi za sauti zinarefuka, hazijazoea, kama dereva kapewa lori alikuwa na bajaji. Amewaambia na yeye ilimkatikia katikati ya maulidi, mbele za watu, alikuwa ndo msomaji. Dogo ananihadithia anacheka mwenyewe, siku ile ile aliyorudi analia. Tena amewafundisha kuwa kwa madhehebu yetu ukitimiza miaka 15 ya Kiislamu umebaleghe hata kama dalili hujaziona, na mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama kumi na moja, kwa hiyo inafika mapema miezi mitano na kitu. Mwanangu kakaa na kalamu nyuma ya daftari la hesabu kapiga tarehe yake. Kaniambia mama kuanzia hapo funga na sala ni juu yangu mwenyewe, usiniamshe tena alfajiri. Tutaona.

Kwa hiyo shule ni nzuri? Nilitaka kuandika msipeleke, mwanzo wa haya maneno nilikuwa nimeandika hivyo hivyo nimefuta. Halafu nikataka kuandika pelekeni kwa ajili ya yule mzee. Lakini nikapiga hesabu yangu ya kifundi, mzee ana kipindi kimoja, Alhamisi, geti lipo kila asubuhi. Nilimuuliza ustadh si uongee nao wabadilishe habari ya sare, akasema mama mimi sare sina mamlaka nayo. Mtu pekee mwenye akili ya ukuaji hapo ndani ndo asiyekuwa na mamlaka hata ya upindo. Kwa hiyo mi sijui, kama mtoto wako mfupi na wa ukoo wa watu wafupi peleka kesho asubuhi.

Nilimwambia mwanangu nakuhamisha. Kakataa. Sihami mama. Kwa nini? Ustadh hajamaliza. Sasa utafanyaje, nimelipia awamu ya tatu, nimelipia na suruali mpya kwa mhasibu, risiti ninayo, na nilipoipokea nikaigeuza pale pale mbele yake. Kidole kimoja. Nikaenda nayo nyumbani nikaifumua miguu yote, nikatoa kitambaa kwenye ile ya zamani ambayo rangi ni yenyewe, nikaipa vidole vitano, atakayeweka rula aweke. Mama wa watoto wengine kwenye grupu la wazazi wamesikia, tangu hapo nimeletewa suruali saba za kushusha, elfu mbili kwa kila moja, na moja ni ya mtoto wa mwalimu wa pale pale, sitasema mwalimu gani, ila ile nilitoza elfu tatu.

Jana kavaa shati la shule. Mikono inaishia juu ya pale panapovaliwa saa, nimegeuza pindo la mkono kuangalia, hamna kitu ndani. Jumatatu naenda nae mwenyewe getini.