Mombasa likizo ya Juni: uende na ndugu au na washkaji?

Sisi wa Tanga kwenda Kenya ni Horohoro tu, unagongewa muhuri unatokea Lunga Lunga, halafu Ukunda, Likoni, umefika. Kazi ni kuchagua uende na nani.

Na ndugu zako hela inakaa mfukoni, mnajazana kwa shangazi, asubuhi mahamri na mbaazi, Likoni mnavuka na feri kwa miguu bila nauli. Ila ratiba siyo yenu, mara salamu kwa bibi, mara mtoto wa dada analia njaa, na kaka mkubwa ndo anashika pasi za kusafiria za wote na hakuna wa kumbishia, ambapo pale mpakani mi naona ni jambo zuri sana.

Washkaji mnatembea haswa: Fort Jesus, ile Wareno walianza kuijenga 1593, ufukwe wa Diani, usiku mishkaki Mji wa Kale. Shida pesa, mmoja anaishiwa mapema alafu kumdai unaona aibu, kwa hiyo changeni kabla, tena shilingi ya Kenya kabisa.

Mi safari ya kwanza nje ningeenda na ndugu, ya Diani ndo niwaite washkaji, na kila mtu awe na pasi au hati ya dharura ya kusafiria kabla hatujapanda basi.