Programu ninazosomea vitabu kwenye kompyuta, na kwa nini si moja

Mimi ni msomaji wa kwenye kompyuta. Riwaya, vitabu vya kazi na marundo ya PDF ambazo zikifunguliwa kwenye simu zinaumiza macho, vyote navisomea hapo. Kwa muda mrefu nilitaka programu moja tu itakayobeba kila kitu, na nimejaribu za kutosha. Siku hizi natumia kadhaa na sioni tatizo.

Anza kwa kuangalia faili zako ni za aina gani. PDF, iliyoletwa na Adobe mwaka 1993, hushikilia ukurasa vilevile ulivyopangwa: ukipunguza dirisha, maandishi hayasogei, yanakuwa madogo tu. EPUB, aina ya faili ya vitabu vya kidijitali, ndani yake ni kurasa za wavuti zilizofungwa pamoja kwenye faili moja iliyobanwa ya zip. Chukua nakala, badilisha mwisho wa jina lake kutoka .epub kuwa .zip, uifungue ujionee. Ndiyo maana maandishi yake hujipanga upya kila unapokuza herufi. Hizi ni kazi mbili tofauti, na programu iliyo hodari kwa moja mara nyingi huwa ya kawaida tu kwa nyingine.

Kwa PDF nikiwa kwenye Windows, SumatraPDF haina mpinzani kwangu. Ni ndogo, hufunguka papo hapo hata kwenye mashine iliyochoka, hukumbuka ukurasa nilioishia, na lipo toleo la kuweka kwenye flashi bila kusakinisha chochote. Inafungua pia EPUB na aina nyingine za faili za vitabu, kama MOBI, DjVu na CBZ za vibonzo, ila ukitaka kubadilisha fonti ya EPUB utaelekezwa kwenye faili ya mipangilio uiandike kwa mkono. Wengine hiyo haiwasumbui. Mimi nikishataka kusoma, nataka kusoma. Kwenye Linux nafasi hiyo anaichukua Okular, ya mradi wa programu huria wa KDE, na kwa kupaka maandishi rangi na kubandika vijinoti pembeni ya ukurasa wa PDF iko vizuri sana. Kumbuka tu kuhifadhi faili ili alama zako ziingie ndani yake.

EPUB ndipo nilipokaa sana. Kipimo changu hakihusu mwonekano wa kurasa: nafungua kitabu chenye tanbihi nyingi na kubofya kinamba kidogo juu ya neno. Programu dhaifu inakurusha hadi mwisho wa kitabu, kisha ni juu yako kutafuta njia ya kurudi kwenye sentensi uliyoiacha katikati. Kisomaji kilichomo ndani ya calibre, programu ya kupanga, kugeuza na kusoma vitabu, huleta tanbihi kwenye kijidirisha chini ya ukurasa. Unaisoma, unaifunga, unaendelea. Kwa vitabu vya historia hilo peke yake lilinitosha.

Calibre yenyewe ilianza mwaka 2006, Kovid Goyal alipotaka kutumia kifaa chake cha Sony cha kusomea vitabu kwenye Linux, na hadi leo ni bure na ni huria. Sura yake, tuseme ukweli, ni ya karakana: vitufe kila mahali. Kisomaji chake nacho kina kasoro ya kinyume, kwa kuwa mgeni hajui pa kuanzia. Bofya kulia au bonyeza Esc, menyu itatokea. Jambo jingine la kujua mapema ni kwamba ukiingiza kitabu, calibre hutengeneza nakala yake na kuipanga kwenye folda za majina ya waandishi. Kama ulishapanga folda zako kwa mtindo wako, utaudhika kidogo. Mimi nimeiachia ipange, kwa sababu kutafuta kitabu kumekuwa rahisi, na inageuza MOBI kuwa EPUB bila kelele. Vipande nilivyovipaka rangi naweza kuvitoa vyote kama faili ya maandishi. Programu isiyoruhusu hilo siitumii tena kwa kitabu cha kujisomea kwa kina.

Thorium Reader ndiyo ninayompendekezea mtu asiyetaka karakana. Inatengenezwa na shirika la EDRLab la Paris, inakaa kwenye Windows, Mac na Linux, haina matangazo, na imejengwa kwa kuwafikiria wasomaji wasioona au wenye uoni hafifu. Ina kusoma kwa sauti, nami huitumia macho yakichoka. Ila sauti zinatoka kwenye mfumo wa kompyuta yako, kwa hiyo angalia kwanza kama umeweka ya Kiswahili. Riwaya ya Kiswahili ikisomwa na sauti ya Kiingereza utacheka badala ya kusikiliza.

Kuhusu vitabu vya kununua, uliza habari ya kufuli la kidijitali (DRM) kabla ya kulipa. Vingine hufunguka tu kwa programu ya duka husika, au kwa programu ya Adobe Digital Editions. Vyenye kufuli la aina ya LCP hufunguka kwenye Thorium. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga upande wa vitabu wa duka lake, wateja wakarudishiwa fedha lakini vitabu vikatoweka. Tangu hapo, nikikuta kitabu kilekile kinauzwa bila kufuli mahali pengine, nanunua huko.

Kuhamishia simu sitafuti waya wala sijitumii barua pepe. Calibre ina seva yake: naiwasha, nafungua kivinjari cha simu kwenye Wi-Fi ileile, na maktaba yote iko pale. Kompyuta ikizimwa na seva imekufa, kwa hiyo kama natoka, kitabu nakipakua kabisa kwanza.