TAHADHARI: "Bastola ndogo za kuficha" zinazotangazwa Telegram hapa Mombasa

Wenye maduka Kongowea, Mwembe Tayari na Biashara Street, hii yawahusu nyinyi kwanza, maana ndiko anakowinda. Kuna mtu anajiita "Kapteni" anayesambaza picha za bastola ndogo kwa WhatsApp na Telegram, shilingi 65,000 "pamoja na cheti", waletewa mpaka mlangoni. Bastola hana, cheti hana. Amejua tu kwamba mtu anayefunga duka magharibi na mauzo ya siku mfukoni ana hofu, na kwamba akishaliwa pesa zake kwa jambo kama hili hatathubutu kwenda kusema popote.

Mimi nabeba kwa leseni, kwa hivyo majirani wa dukani huniletea vitu hivi niwatazamie. Tangazo lenyewe lasema: Glock 19, "original ya Ujerumani", risasi 6, haionekani hata ndani ya kanzu. Haya, tuanze. Glock ni ya Austria. Glock 19 magazini yake ya kawaida, yaani kasha la risasi, yachukua risasi 15; ya risasi 6 ni Glock 43, bastola nyingine kabisa, nyembamba, iliyotoka 2015. Nikaivuta picha karibu. Nyuma ya bastola kuna nyundo imetokeza nje, na hakuna bastola ya Glock yenye nyundo ya nje. Ubavuni, kwa herufi ndogo ambazo hata hakujisumbua kuzificha, pameandikwa 9mm P.A.K. Hapo nikacheka. Hiyo ni alama ya bastola za mlio, zile za kuanzishia mbio na kuchezea filamu: mtutu wake umezibwa toka kiwandani, watoa kishindo na moshi, risasi haitoki. Bastola ya kweli ya saizi hiyo huandikwa 9x19.

Maana yake hata yule atakayebahatika kuletewa kitu, ameletewa kelele. Na ukiitoa kelele mbele ya mwizi mwenye chuma cha kweli, yeye hatasubiri akague maandishi ya ubavuni.

Sasa namna wanavyomla mtu. Jirani yangu mmoja, muuza vipuri, mtu mzima na akili zake, walimwanza na amana ya 20,000 kwa M-Pesa. Jina lililotokea ni la mwanamke. Akaambiwa huyo ni mhasibu. Kesho yake 15,500 za "kliarensi ya bandarini", namba nyingine, jina jingine. Akatumiwa picha ya boksi limezungushiwa selotepu, jina lake limeandikwa juu kwa kalamu nene. Akatulia, roho ikamkaa. Jioni simu ikaita, sauti nzito, kwa nyuma yasikika kama redio ya polisi: "Mzee, sisi ni DCI. Mzigo wako tumeushika Mariakani. Wataka tuje dukani, ama tuyamalize?" Kuyamaliza kulikuwa 30,000. Akatuma, na nusu yake alikopa Fuliza.

Hapo ndipo biashara yao ilipo. Zile za mwanzo ni chambo tu. Pesa wanazozitaka hasa ni hizi za woga, na wakiona umetuma mara moja watapiga tena, kila mara na cheo kikubwa zaidi. Askari aliyeshika bastola haramu hatumi namba ya M-Pesa, jamani. Huja.

Na hicho cheti cha ndani ya boksi? Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haikuruhusu hata kununua bastola kabla hujapata cheti, seuze kukaa nayo. Cheti hutolewa na Bodi ya Leseni za Silaha baada ya kukuchunguza wewe mwenyewe: alama za vidole, cheti cha tabia njema, na sababu yako ya kutaka silaha. Hakiji na bastola kama chaja inavyokuja na simu. Muuzaji halali ataitaka karatasi yako kabla hajakufungulia kabati, na namba iliyochongwa kwenye bastola huingizwa kwenye rekodi kwa jina lako. Desemba 2018 serikali ilipoamuru wenye leseni wote wahakikiwe upya, hata sisi wa zamani tuliitwa. Huyu Kapteni yeye apitia dirisha gani?

Kwa mwenye cheti, ama aliye njiani kukipata, neno moja juu ya hizi ndogo, kwa sababu matangazo yanawadanganya watu hata kuhusu bastola za halali. Udogo una gharama yake. Bastola nyepesi yenye mtutu mfupi huruka mkononi, na kishikio kikiwa kifupi kidole cha mwisho chaning'inia hewani. SIG P365 ama Glock 43 zakaa vizuri chini ya shati jepesi, sikatai, lakini wengi huona Glock 19, ambayo ipo tangu 1988, ni rahisi zaidi kuituliza na kupiga shabaha. Ziombe uzipige kiwanjani kabla hujatoa pesa. Kinachoficha bastola zaidi ni ala nzuri na mkanda mgumu. Na kwa jasho letu hili na hewa ya chumvi, ukiibeba kiunoni kutwa kisha ukaiweka bila kuipangusa, kutu haikawii.

Kama umeshatuma pesa na ni sasa hivi, usianze kubishana na Kapteni. Upeleke ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 uombe zirudishwe. Zikishatolewa kwa wakala ni vigumu. Jumbe za utapeli hupelekwa Safaricom kwa 333, bure. DCI wana namba ya bure, 0800 722 203, na waweza kusema bila kutaja jina. Yule "afisa" akipiga, mwambie akungoje kituoni, umtajie kituo wewe, halafu umsikilize anavyokata simu.

Na msifute mazungumzo. Jirani yangu alifuta yote, picha na sauti, kwa kuogopa mkewe asione, zikabaki jumbe za M-Pesa peke yake. Nilikwenda naye kituoni na hizo hizo. Wakamwuliza maswali, wakaandika zile namba, wakampa namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, akarudi kufungua duka lake. Wiki hii Kapteni ameshabadilisha jina, sasa ni "Komando", na bei imeshuka mpaka 45,000. Ile nyundo bado imetokeza pale pale.