Wiki tatu za kupiga hesabu kwenye kyubiti zilizofungwa: uzoefu wangu

Nilichojaribu si bidhaa ya dukani. Ni itifaki ya kumpa mwenye kompyuta ya kwanta data iliyosimbwa, yaani iliyofungwa kwa ufunguo wa siri, akaipigia hesabu bila kuifungua. Fisher, Broadbent na wenzao waliichapisha kwenye Nature Communications mwaka 2014, baada ya kuifanyia majaribio kwa fotoni, chembe za mwanga. Mimi niliiandika kwa Python, juu ya programu inayoiga kompyuta ya kwanta kwenye laptopu. Faili moja ni mteja, nyingine ni seva, na nilijiwekea sharti moja: seva isione funguo hata kwa bahati mbaya.

Kufunga ni kazi nyepesi mno. Kwa kila kyubiti, yaani biti ya kompyuta ya kwanta inayoweza kuwa mchanganyiko wa 0 na 1, unachagua biti mbili za kubahatisha, a na b; hizo ndizo ufunguo. Ikiwa a ni 1, unapitisha kyubiti kwenye geti (hatua moja ndogo ya hesabu) la X, linalogeuza 0 kuwa 1 na 1 kuwa 0. Ikiwa b ni 1, unaipitisha kwenye Z, linalogeuza awamu, ile alama ya jumlisha au toa kati ya sehemu ya 0 na sehemu ya 1. Basi. Asiye na biti hizo hapati chochote, hata awe na mashine kubwa namna gani, maana usalama huu hautegemei ugumu wa hesabu yoyote. Nilipima kyubiti zilizofungwa kwa kila namna niliyoweza kuifikiria, zikanipa nusu kwa nusu tu. Kyubiti kumi zinakula biti ishirini za ufunguo, na mtafiti Ambainis na wenzake walishaonyesha mwaka 2000 kwamba chini ya mbili kwa kila kyubiti huwezi kushuka.

Utamu unaanza seva inapofanya kazi. Ikipiga geti la H, linalobadilishanisha kazi za X na Z, mteja anabadilishanisha tu a na b kwenye daftari lake la funguo. Ikipiga CNOT, geti linalogeuza kyubiti moja (inayoongozwa) pale nyingine (inayoongoza) ikiwa 1, a ya kyubiti inayoongoza inaongezwa kwenye a ya ile inayoongozwa, na 1 kwa 1 inarudi 0. Seva haiulizi kitu, wala hakuna ujumbe unaopita. Hapa ndipo nilipopoteza siku mbili. Nilikuwa nimesahau kwamba b inasafiri kinyume: ya kyubiti inayoongozwa inarudi kwa ile inayoongoza. Majibu yalikuwa sahihi kwenye mizunguko yangu midogo (mzunguko ni mfululizo wa mageti), kwa sababu mwishoni, ukipima 0 au 1, ni a peke yake inayokuhusu. Nilipoweka H baada ya CNOT, b mbovu ikageuka kuwa a mbovu, na nusu ya majibu yakatoka kichwa chini miguu juu. Nililaumu programu ya kuigiza, nikaisakinisha upya mara mbili. Kosa lilikuwa mstari mmoja kwenye daftari langu.

Halafu kuna geti la T, linalozungusha awamu kidogo, na hapo ndipo unapolipia. Ukipiga T juu ya kyubiti iliyofungwa kwa X, linabaki geti la P, mzunguko wa awamu mara mbili ya ule wa T, ambalo hukuliomba. Kama a ni 1 linatakiwa kuondolewa; kama ni 0 halipo, hakuna cha kuondoa. Sasa, ukimwambia seva aliondoe, umeshamtajia a. Suluhisho la Fisher na wenzake ndilo lililonifanya niipende itifaki hii. Mteja anatuma kyubiti ya ziada, moja kati ya hali nne, aliyoichagua kwa kubahatisha. Seva inaiunganisha kwa CNOT, inapima ile ya zamani na kurudisha biti moja. Mteja anajibu kwa biti moja pia: piga P au acha. Biti hiyo ni a iliyochanganywa na siri ya kyubiti ya ziada, kwa hiyo haimwambii seva lolote. Kyubiti hizo za ziada hazitegemei data, unaweza kuzituma zote mwanzoni. Geti langu la Toffoli, linalogeuza kyubiti ya tatu pale mbili za kwanza zikiwa 1, lina T saba, nikihesabu na vinyume vyake, kwa hiyo lilikula kyubiti saba za ziada na biti saba kila upande. Kwa mzunguko mdogo, sawa. Kwa mkubwa, mteja anashinda simuni.

Njia ya mtafiti Urmila Mahadev, ya mwaka 2018, inamwondolea mteja mazungumzo hayo na hata haja ya kushika kyubiti, ila usalama wake unategemea hesabu zinazoaminika tu kuwa ngumu. Nimeisoma, sijaiandika.

Nilitamani kuona haya kwenye mashine halisi, nikafungua akaunti kwa mtoa huduma mmoja. Kumbe kyubiti hazitumwi. Unatuma maelezo ya mzunguko, naye anaziandaa kyubiti mwenyewe, na X na Z zangu za kufungia zimo humo humo kwenye maelezo. Nilikuwa nimefunga mlango nikaacha ufunguo ukining'inia kwenye kitasa. Niliendesha hata hivyo, nikapata makelele ya mashine na faragha sifuri. Anayetaka siri ya kweli anahitaji waya wa mwanga kati yake na seva, kama walivyofanya watafiti wa Oxford kwa ioni (atomi zenye chaji ya umeme) na fotoni katika kazi yao ya mwaka 2024.

Kama chombo cha kujifunzia naipa nyota nne. Ya tano niliizuia baada ya jaribio la usiku wa mwisho. Nilienda kwenye faili ya seva nikaifanya tapeli: kabla ya kurudisha kazi, igeuze kyubiti moja ya jibu. Haikusoma data yangu hata kidogo, siri ilikaa vilevile. Mteja alipokea, akafungua kwa funguo zake, akaandika jibu lisilo sahihi na kumaliza kazi bila onyo lolote.