Kibuyu kinachosimama kikitaka

Nilimnunulia wifi yangu zawadi kwa mama mmoja anayeuza vitu vya mkono hapa Dodoma mjini: kibuyu cha nakshi, shilingi 15,000, tulianzia 25,000. Niseme haki, ni kibuyu kweli. Shingoni kina shanga nyekundu na nyeupe, na nyingi bado zipo. Mnyama aliyechorwa tumboni muuzaji aliniapia ni twiga. Wifi kaona ng'ombe mwenye mawazo. Tukaacha hivyo hivyo. Huku Ugogoni ng'ombe si tusi. Maji kinavujisha, ila ubuyu kinatunza vizuri sana. Kusimama kinasimama, ukikiegemeza kwenye redio. Wifi kashukuru mara tatu, kisha akauliza kama risiti ninayo. Nimeagiza kingine, cha shemeji.