Uzoefu wangu na GNU Octave: namba kamili zikikutana na desimali

Picha moja ndiyo iliyonihamishia Octave, programu huria ya hesabu. Nilikuwa natafuta wastani wa picha mbili kwa programu nyingine, na sehemu ya anga iliyotakiwa kung'aa ikatoka nyeusi. Pikseli ya kwanza ilikuwa 200, ya pili 180. Wastani wake ni 190, mimi nikapewa 62. Namba za biti 8 zisizo na hasi zinaishia 255, kwa hiyo 380 ilipita ukomo, ikaanza upya kutoka sifuri na kuwa 124, kisha ikagawanywa kwa 2. Onyo halikuwepo. Siku mbili nzima nililaumu kamera.

Octave haizungushi namba. Ikifika ukomo inabaki palepale: uint8(200) + uint8(180) ni 255 (uint8 ndiyo hizo namba za biti 8 zisizo na hasi), na uint8(5) - uint8(10) ni 0. Hesabu yangu ileile ikatoa 128, yaani nusu ya 255 iliyokadiriwa. Bado ni kosa, tena la kimya, na hapo naipunguzia alama. Ila anga angalau lilionekana anga. Dawa ni kugeuza kwanza kuwa desimali kwa double(), kukokotoa, ndipo urudishe uint8().

Kuchanganya aina kunataka uangalifu zaidi. Namba kamili ikikutana na desimali, jibu linabaki namba kamili: int32(5) * 0.5 ni 3 (int32 ni namba kamili ya biti 32). Silipendi hili hata kidogo. Mtu akiandika 0.5 anataka nusu, basi apewe 2.5. Hata int32(7) / int32(2) ni 4, kwa sababu Octave hukadiria hadi namba kamili iliyo karibu, wakati kwenye lugha ya C 7/2 ni 3. Ukitaka 3 tumia idivide, inayokata desimali.

Ninachokipenda kuliko vyote: ukijumlisha int8 na int16, inagoma, na ujumbe wa kosa unazitaja aina zote mbili. Wapo wanaoona huo ni usumbufu. Mimi naona ndivyo inavyopaswa. NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, ikichanganya int64 na uint64 inatoa float64 (desimali ya biti 64) bila kuuliza, na float64 ikishavuka 9007199254740992 haiwezi kushika kila namba kamili. Namba ya utambulisho yenye tarakimu 17 inaweza kubadilika tarakimu ya mwisho, na wewe hujui.

Siku hizi nikisoma picha kwa imread, mstari unaofuata ni class(), inayonionyesha aina ya namba, kabla sijajumlisha chochote.