Good School Toolkit ya Uganda: zana zilizopimwa kabla ya kusifiwa

Makabati ya walimu wakuu wetu yamejaa vijitabu vya kulinda watoto, vingi vikiwa vimekuja pamoja na semina ya siku mbili, posho na fulana, na hakuna aliyewahi kurudi kuuliza kama vilipunguza hata kiboko kimoja. Mimi ni mwalimu wa malezi katika shule ya msingi hapa Tanzania, na Good School Toolkit, zana za kupunguza ukatili dhidi ya watoto shuleni zilizotungwa na shirika la Raising Voices la Kampala, nilizichukua kwa sababu moja: zilikubali kupimwa.

Mwaka 2012 shule za msingi 42 za wilaya ya Luweero ziligawanywa kwa bahati nasibu, 21 zikaanza kuzitumia na 21 zikasubiri zamu yao. Baada ya miezi 18 ya utekelezaji, watafiti wa London School of Hygiene and Tropical Medicine na wenzao wa Uganda waliwauliza wanafunzi kama walikuwa wamepigwa na mtumishi wa shule katika juma lililopita. Katika shule zilizosubiri, takriban wanafunzi 49 kati ya 100 walijibu ndiyo. Katika shule zilizotumia zana, 31. Mwuzaji wa kawaida angetangaza pengo hilo na kunyamaza, ilhali 31 maana yake ni kwamba karibu theluthi moja ya watoto walikuwa bado wanapigwa ndani ya juma moja, tena katika nchi ambayo wizara ilikwishakataza viboko. Alama za mitihani hazikupanda, na hazikushuka pia. Jambo hili la mwisho ndilo lililonisaidia zaidi katika ofisi ya walimu, kwa kuwa hoja ya wenzangu siku zote ni kwamba bakora ikiondoka ufaulu nao utaondoka.

Zana zenyewe zinapatikana bure kwenye mtandao: vijitabu, mabango na miongozo ya shughuli zipatazo 60, zinazoanza kwa kuunda kamati ya walimu, wanafunzi na wazazi, na kuendelea hadi kwenye adhabu mbadala na uongozi wa shule. Lugha ya michoro inaeleweka. Toleo nililonalo, hata hivyo, ni la Kiingereza, na kutafsiri kila shughuli kabla ya kikao kulinichosha kuliko vikao vyenyewe. Gharama ya fotokopi nayo si ndogo kwa shule ya serikali.

Ugumu mkubwa zaidi hautokani na watungaji. Kanuni zetu za Tanzania za adhabu ya viboko shuleni bado zinamruhusu mwalimu mkuu, au mwalimu aliyeidhinishwa naye, kumchapa mwanafunzi viboko visivyozidi vinne na kuviandika kitabuni. Mwalimu wa zamu akikuuliza kwa nini aache kinachoruhusiwa, vijitabu hivi havina jibu la kisheria, na itakubidi umshawishi kwa hoja za malezi peke yake. (Kwamba kitabu hicho cha viboko hujazwa mara chache ni habari nyingine.)

Lakini ninachowaomba wanaotaka kuzitumia wakitazame kwa makini kuliko vyote ni matokeo yanayotajwa mara chache. Katika mahojiano ya awali huko Luweero, watoto 529 walieleza mambo mazito kiasi cha kupelekwa kwa wahusika wa ulinzi wa mtoto, na waliopata huduma iliyokidhi vigezo vya watafiti walikuwa 20 tu. Mtoto ukimfungulia mlango wa kusema, atasema, na zana zinazofundisha walimu kusikiliza zitaibua siri ambazo shule haina uwezo wa kuzibeba peke yake. Kwa hiyo sizipendekezi kwa shule ambayo haijawahi kuonana na ofisa ustawi wa jamii wa kata yake, hata kama mwalimu mkuu ana ari kiasi gani. Kwa shule nyingine zote nazipendekeza, zikipewa mwaka mmoja na nusu na si muhula mmoja.

Sisi, kabla ya kufungua kijitabu cha kwanza, tulibandika ukutani namba ya ofisa huyo, ya dawati la jinsia na watoto la polisi, na 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, kisha tukazipigia zote ili kuhakikisha kwamba zinapokelewa.